Shimo la Mabua

"Sema tena! Sema hapa watu wasikie, nani ananuka?"

"Sijasema wewe unanuka, nimesema shimo lako linanuka. Lakini kama umejisikia, basi na wewe umo!"

Hapo ndipo Maiko wa bodaboda alipozima pikipiki yake katikati ya njia na kukaa upande, maana ugomvi wa namna ile haufai kusikilizwa injini ikiunguruma. Kawajense, mtaa mzima, ilishajua kwamba Marsela na Kija hawasalimiani. Ila ilikuwa haijabahatika kuwaona uso kwa uso, tena mchana wa jua kali, kila mmoja upande wake wa ua wa mabua, na ua wenyewe ukitetemeka kama una homa kila Kija anapoupiga kofi.

"Nilikuwa na wageni mimi!" Kija aliwageukia wasikilizaji kana kwamba wao ndio mahakama. "Wakwe! Wamekuja kuzungumza habari za Doto wangu. Nimewatengea ugali, nimewatengea maziwa ya mgando. Mkwe kashika tonge, halijafika mdomoni, upepo ukavuma kutoka huku. Tonge likarudi kwenye sahani! Mnanielewa? Mtu mzima, mkwe, karudisha tonge!"

Watu wakaguna. Kurudisha tonge mbele ya mwenyeji si jambo dogo.

"Labda ugali wako ulikuwa mbichi," alisema Marsela.

Upande wa Marsela wakacheka. Kija hakucheka. Alimwangalia tu jirani yake, taratibu, kama mtu anayechagua jiwe la kurusha.

"Mbichi? Haya. Tuzungumze habari za kupika basi. Jamani, nani alipita hapa Jumanne ya wiki juzi na gunia la mkaa? Limeviringishwa kitenge, limelazwa kwenye baiskeli ya mumewe Severini kama mgonjwa anakimbizwa zahanati! Mimi nikasema masikini, nani tena anaumwa? Nikasogea nitoe pole. Kumbe mkaa!"

Sasa walicheka wote, wa upande huu na wa upande ule, na Maiko akalala juu ya tenki la pikipiki yake. Na kicheko kile kilimchoma Marsela kuliko habari za shimo, kuliko mkwe na tonge lake, kwa sababu habari ya mkaa ilikuwa kweli.

Miaka miwili nyuma, mradi mmoja ulipopita mtaani ukitafuta kaya za kujengewa mitambo ya gesi ya kinyesi, Marsela alikuwa wa kwanza kushika jembe na kuchimba. Siku jiko lilipowaka alichemsha chai ya watu arobaini, akapanda juu ya stuli, akatangaza kwamba mkaa hautavuka tena kizingiti chake. Kisha, watu wakiwa bado na vikombe mkononi, akaenda nyuma ya nyumba, akang'oa mafiga yake matatu na kumkabidhi Kija. "Chukua, Mama Doto," alisema, "mimi sina kazi nayo tena." Siku hizo walikuwa wanaitana Mama Doto na Mama Glory. Kila asubuhi ndoo mbili za samadi mbichi zilipita juu ya ua kutoka kwenye zizi la Kija, na kila jioni tope lililotoka upande wa pili wa mtambo lilirudi kwa ndoo zilezile, likaenda kunenepesha mchicha wa Kija.

"Nikurudishie mafiga yako?" Kija aliuliza sasa, kwa ile sauti ya upole ambayo ni mbaya kuliko makelele. "Yapo. Nimekutunzia."

"Yameze!" alisema Marsela.

Mzee Melkior, mwenyekiti wa mtaa, alifika wakati Kija amekwishaupasua ua na mguu mmoja uko kwa Marsela. Mzee huyu alifanya kazi reli miaka thelathini, na tangu astaafu alitaka kila jambo liwe na siku na saa yake, hata ugomvi. Aliuzunguka mtambo, akaliinamia shimo, akajiziba pua kwa kofia yake, akarudi.

"Marsela, jiko linawaka, haliwaki?"

"Linawaka kidogo."

"Kidogo ni kuwaka au kutokuwaka?"

Marsela akaanza kukaza fundo la kitenge chake.

"Sikilizeni nyie wawili. Mtambo unaotoa moto ni jiko, nitautetea hata mbele ya bwana afya. Mtambo unaotoa harufu bila moto ni choo, na choo hakichimbwi kwenye mpaka wa jirani. Jumapili ijayo hapana, ile nyingine, saa sita kamili baada ya misa, nitakuja hapa. Nikikuta moto wa kupikia ugali, shimo libaki na Kija afunge mdomo. Nisipoukuta, tunafukia. Shimo na mtambo wake."

"Na mtambo?" Marsela aliuliza.

"Na mtambo."

Alivyoondoka, watu waliondoka kwa makundi madogo madogo, wakitembea polepole, kila mmoja akirudia maneno ya mgonjwa na zahanati asije akayasahau kabla ya kufika nyumbani.

Sasa, mambo yaliharibikaje? Mahindi yalipovunwa, Ngolo, mume wa Kija, aliswaga ng'ombe wote alfajiri akawapeleka Magamba wakale mabua mashambani. Hakuna aliyemwambia Marsela. Alijua asubuhi ile ndoo zisipopita juu ya ua. Akangoja siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, na Kija yuko palepale anafua, anaimba, hasemi kitu. Marsela naye akajisemea kwamba hatauliza. Yeye si ombaomba wa mavi.

Akaanza kuulisha mtambo alichokipata. Machicha ya pombe kutoka kilabuni, debe kwa debe, yakiwa bado yanatoa povu. Maganda ya viazi. Pumba. Halafu, kwa kuwa mabua yalikuwa yamejaa kila shamba na watu wanayachoma bure, akayakata mara mbili mbili kwa goti na kuyasukumia kwenye tundu la kulishia. Mwali wa jiko ukawa wa njano, ukawa mfupi, ukawa unapaa na kukatika. Siku ya kumi na mbili ukazimika na chungu cha maharage kikiwa hakijachemka, na Severini akatumwa kwenda kutafuta mkaa, akiwa na kitenge.

Alipompigia simu Amosi, fundi aliyejenga mtambo, ambaye siku hizi yuko Katumba, Amosi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama Glory, umempa mtu pombe, halafu ukamlisha vijiti. Wewe ungelala?"

"Amosi, usinitanie, nina hasira."

"Sikutanii. Lile ni tumbo, ila halina meno. Meno ni wewe. Mabua yale yanaelea humo ndani yamesukana kama mkeka, gesi inapita wapi? Yavute yote utoe. Halafu kata mapya, kipande kisizidi pingili ya kidole, uyatwange kidogo, uyaloweke shimoni wiki mbili mpaka yalainike. Ndipo uchanganye na maji na samadi, utoe mchanga, ulishe. Kidogo kidogo."

Siku mbili yeye na Severini walivuta mabua kwa nondo iliyokunjwa ncha, wakiwa wamelowa mpaka kifuani. Siku tatu alikatakata mapya kwa panga mpaka kiganja kikaota malengelenge. Na shimo la kulowekea akalichimba pale palipokuwa na udongo laini, yaani hatua tatu kutoka kwenye ua wa Kija. Hakuufikiria upepo. Au tuseme aliufikiria kidogo, na hakuuona ubaya wake.

Basi hilo ndilo shimo.

Jumatano, siku ya tatu baada ya hukumu ya Mzee Melkior, Marsela alirudi kutoka sokoni amejitwika kiroba cha maganda ya ndizi na kabichi zilizooza, akakuta shimo lake halionekani. Palikuwa na kilima cha kijivu. Majivu yalikuwa yamezama mpaka chini, maji yamegeuka uji mweusi, na juu kabisa yametandazwa vizuri, kwa utulivu, kama mtu anavyotandika kitanda. Upande wa pili wa ua palisimama debe tupu. Wala halikufichwa.

"Kija!"

"Abee!" Kija alitokea anapangusa mikono kwenye khanga.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Umefanya nini?"

"Nimelifanyia kama choo. Mwenyekiti amesema ni choo, na choo kikinuka kinamwagiwa majivu, mimi ndivyo nilivyolelewa. Madebe matatu hayo, ya kuni kavu, tena ya kwenye mafiga yako mwenyewe. Na sidai asante."

Marsela alipiga hesabu. Siku kumi na moja zimebaki. Mabua hayo yamekaa kwenye maji wiki moja, na akianza shimo jipya leo halitaiva kabla ya Jumapili ile. Huyu mwanamke hakumwaga majivu, amemwaga udongo wa kaburi. Hakuwaza tena. Aliingiza mikono yote miwili shimoni, akachota ule uji mweusi, akauvurumisha juu ya ua, ukatua kwenye shuka jeupe lililoanikwa kwenye kamba ya Kija, shuka la wageni, lililotariziwa maua pembeni.

Kija alilishika shuka, akalitazama doa.

"Bebe Marsela," Kija alisema, maana hasira zikimzidi hurudi kwenye Kisukuma chake, na hiyo "wewe" ya kwao ilisikika kama kofi. "Hilo shuka mama yangu alilitarizi kwa mkono wake."

"Na shimo hilo nimelichimba kwa mkono wangu!"

Aliingia ndani, akabamiza mlango. Moyoni alijua shuka lilikuwa limezidi, na kule kujua kukamwongezea hasira.

Siku mbili hakusogelea shimo. Alikwenda kwa Mzee Melkior kushtaki, mzee akamsikiliza na kuangalia saa yake ya mkononi. "Jumapili ni Jumapili," alisema. "Treni haimsubiri mtu kwa sababu kaibiwa kiatu."

Jumamosi asubuhi akachukua koleo aende akatoe ule uchafu, autupe, angalau apate kusema alilifukia mwenyewe. Koleo likaingia. Liliingia vibaya, yaani liliingia kirahisi. Mabua yaliyokuwa yanagonga chuma kama mifupa, leo chuma kinapita tu. Marsela alisimama, akainama, akatia mkono. Akachota konzi moja akaibana. Ikapenya katikati ya vidole vyake kama mlenda.

Akachota nyingine, kutoka chini zaidi. Vilevile. Nyuzi nyuzi, laini, zinateleza.

Mama yake kule Mpimbwe alikuwa hanunui magadi dukani. Alichoma maganda ya maharage, akayatia majivu yake kwenye chungu chenye matundu, akayamwagia maji, na maji yaliyodondoka chini, ya njano kama chai ya rangi, ndiyo aliyotilia kisamvu kigumu na maharage ya mwaka jana. Maharage ambayo yangekula kuni tangu asubuhi hadi mchana yaliiva kabla watoto hawajaanza kulia. Marsela alitumwa kuyaleta yale majivu tangu ana miaka sita. Amepika hivyo maisha yake yote. Na ilibidi aje mtu mwingine, tena kwa ubaya, amwagie majivu kwenye mabua ndipo akumbuke kwamba majivu yanalainisha kitu kigumu.

Akakaa chini pembeni ya shimo. Akatoa tusi moja refu, la kwao, ambalo hapa haliandikiki.

Severini aliinua kichwa kutoka kwenye gurudumu la baiskeli alilokuwa anaziba pancha. Ni mtu wa maneno machache, anayatumia kama anayanunua. "Vipi?"

"Yameiva."

"Nini?"

"Mabua. Mshenzi yule ameyapika."

Amosi alipopigiwa simu aliuliza kwanza kama ni majivu ya kuni au ya takataka na mifuko ya plastiki. Alipoambiwa kuni, tena kavu, akapumua. "Hayo mazuri. Tumbo lako lilichachuka kwa pombe, na majivu yatalituliza, ni kama mtu wa kiungulia anavyotafuta magadi. Lakini Mama Glory, usiyamwage yote mtamboni, majivu yakizidi yanaliua tumbo. Chuja ule uji mweusi pembeni, suuza kidogo, changanya na maganda yako ya sokoni. Ndoo moja asubuhi, moja jioni. Na samadi mbichi utafute, ya kuliamshia tumbo. Bila samadi Jumapili hufiki."

Samadi. Marsela aliangalia juu ya ua, kule kwenye zizi tupu, akahisi hasira inampanda upya kama maziwa yanayofurika chungu.

Jumapili alasiri alimwita Maiko, akapanda bodaboda na viroba viwili vitupu mpaka Magamba. Ngolo alimpokea kwa furaha ya mtu ambaye hajazungumza na mtu ila ng'ombe tangu mavuno.

"Shemeji Mama Glory! Karibu, karibu sana! Mama Doto hajambo? Mbona hamkuja wote?"

Marsela alimtazama. Yule bwana hakuwa na habari. Mji mzima unajua mpaka rangi ya kitenge kilichofunika mkaa, na yeye hana habari.

"Hajambo," alisema. "Ana kazi ya kufua. Nimefuata samadi."

"Chukua, chukua! Si nilishakwambia siku ile ninahama, kwamba ukikwama uje?"

"Uliniambia lini?"

Ngolo akakuna kichwa kwa fimbo. "Sikukwambia? Nilipita kwako alfajiri nikakuta mlango umefungwa. Nikasema nisiwaamshe. Mama Doto nilimwambia nimekwishakuaga... Aa. Basi shemeji, nimesahau, ng'ombe walikuwa wameshatangulia."

Kwa hiyo Kija alidhani Marsela ameagwa. Kija alikuwa anafua na kuimba bila neno moyoni, na wiki zote zile Marsela amekuwa akimkasirikia kwa kosa la mlango uliofungwa. Unaweza kudhani hasira zilimwisha. Hazikuisha. Zilikosa tu pa kukaa, zikawa zinamzunguka kama nzi. Alijaza viroba kwa mikono yake, akimwaga maneno juu ya Ngolo kila alipoinama, na Ngolo akimsaidia, asijue anatukanwa kwa lipi.

Maiko aliahidi njiani kwamba hatasema. Kufika jioni, Kawajense ilikuwa na habari kwamba Marsela kaonekana Magamba, kwa Ngolo, peke yake, akitoka zizini jasho linamtiririka, na amepewa zawadi viroba viwili. Habari ilipofika kwa Kija ilikuwa imenenepa vya kutosha.

Kija hakupitia kwenye ua safari hii. Alikuja kwa mlango wa mbele, na nyuma yake msafara.

"Shuka langu umelimaliza, sasa umehamia kwa mume?"

"Mume wako nimemkuta na nimemwacha!" Marsela alikuwa amekunja kitenge mpaka magotini, mikono ya kijani mpaka kwenye viwiko. "Nilichochukua hiki hapa. Njoo unuse zawadi! Njooni nyote mnuse, msije mkapungukiwa cha kusema!" Akafungua kiroba, akakiinamisha miguuni kwa watu. Msafara ukaruka nyuma kwa pamoja.

Kija aliangalia samadi. Mwanamke aliyekua na ng'ombe hahitaji kuambiwa. Aliitambua kama mtu anavyotambua mwandiko wa nyumbani kwao. "Hata mavi yangu unaiba," alisema, lakini kwa sauti iliyokwisha punguka, na akageuka akaondoka, na msafara ukagawanyika kwa kuwa haukujua umfuate nani.

Kwa siku saba zilizofuata Marsela alifanya kazi bila kusema na mtu. Alichuja mabua, akayasuuza, akayachanganya na maganda aliyoyakatakata kwa panga, akatia samadi, akatia maji, akakoroga kwa mkono wake mpaka mchanga ukatuama chini na uji ukawa laini kama wa mgonjwa. Asubuhi ndoo moja. Jioni ndoo moja. Alitamani kumimina tatu, nne, amalize. Akajizuia. Kila alipomimina alimsema Kija kimoyomoyo, mstari kwa mstari, na kila alipofika kwenye majivu mstari ulimkwama.

Jumapili saa sita kasorobo uwanja wa Marsela ulikuwa umejaa watu. Waliotoka misani walikuja na nguo zao za misa, wengine walikuja na stuli zao kabisa. Mzee Melkior alisimama karibu na mlango wa jiko, saa mkononi. Nyuma yake, kwa ajili ya haki, yaliegemezwa makoleo mawili. Kija alikuwa upande wake wa ua, pale pale alipoupasua, amesimama na mikono kifuani.

"Saa sita," alisema mwenyekiti.

Marsela alifungua koki. Akawasha kiberiti. Jiko likakohoa, fuu, likazima njiti.

Akawasha ya pili. Jiko likakohoa tena, likatema tone la maji.

"Choo," mtu alisema kwa nyuma, na wawili watatu wakacheka. Marsela angeweza kuing'ata ile koki.

Severini alipita katikati ya watu bila haraka. Akachomoa mpira wa gesi kwenye jiko, akauinamisha, maji yakatiririka sakafuni kama nusu kikombe. Akaupuliza, akaurudisha. "Ulikuwa umeshika maji," alisema. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya siku nzima.

Njiti ya tatu. Moto uliruka kwa kishindo, watu wakasema "ha!", kisha ukatulia ukajipanga duara, wa buluu, mfupi, mkali, unavuma kwa sauti ya chini. Marsela akabandika sufuria ya maji ya ugali na hakumwangalia mtu. Mzee Melkior alisubiri mpaka maji yalipotokota, maana alitaka ushahidi kamili, kisha akafungua kitabu chake, akaandika mstari, na kuyapa makoleo kisogo.

"Ni jiko," alisema.

Uwanja ukalipuka. Vigelegele, makofi. Na kabla ugali haujasongwa, Maiko akaruka juu ya stuli ya mtu. "Jamani! Nani alikuwa na mafiga hapa? Mama wa mafiga yuko wapi? Mwambieni afue shuka, mgonjwa amepona!"

Wakacheka. Vichwa vyote viligeuka kwenye ua, kule Kija aliposimama. Midomo aliibana, macho kayatupa pembeni, kwenye kamba, ambapo lile shuka lilikuwa limeanikwa tena, na doa halijatoka.

Marsela alikifahamu kile kicheko. Kilikuwa kilekile, watu walewale, na kiliingia sikioni mwake vilevile. Mkono uliokuwa unasonga ugali ukasimama. Angeweza kunyamaza. Aliyejua siri ya majivu ni Severini, na Severini haongei. Ni Amosi, naye yuko Katumba. Ushindi ulikuwa wake, mzima, hauna ufa. Ila shimo la pili, la mabua ya wiki zijazo, limekwisha chimbwa na mabua yake yamekatwa, magumu kama mifupa, na nyumba hii inapika kwa gesi. Nyumba inayopika kwa gesi haina majivu hata ya kusugulia sufuria. Na mafiga yake aliyagawa mwenyewe, akiwa juu ya stuli, kwa mdomo wake.

Hilo ndilo lililomkasirisha kuliko yote.

"Nyamazeni!" Alipiga mwiko kwenye ukingo wa sufuria mpaka Maiko akashuka. "Mnacheka nini? Mnajua nini nyie? Mabua yale yasingeiva mpaka Krismasi! Yameiva kwa majivu yake yeye! Alinimwagia kwa ubaya, kwa roho mbaya kabisa, madebe matatu, na ndiyo yaliyowasha moto huu mnaoungojea muule ugali wake! Na samadi ni ya ng'ombe wake! Haya, chekeni sasa!"

Hakuna aliyecheka.

"Na wewe Mama Doto!" Alikuwa amefika kwenye ua, mwiko mkononi una ugali. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo tangu mavuno, na alilisema jina lile kama anamtupia. "Mumeo hakuniaga, alikuta mlango umefungwa akasahau, muulize mwenyewe! Shuka nitalifua, lisipotakata nitalitarizi jingine, maua nayajua. Na shimo nitalihamishia kule chini, upepo uende porini. Lakini kila Jumamosi nataka debe moja la majivu. Yaliyochekechwa! Sitaki mkaa ndani yake, sitaki mifuko!"

Kija aliiachia mikono yake kifuani polepole.

"Debe moja," alisema. "Na mchicha wangu unaokauka?"

"Tope lako lipo, limejaa kule linakotokea mtamboni, lilikuwa linakungoja wewe!"

"Na mkwe wangu? Tonge lake nani atalirudisha mdomoni?"

"Mlete Jumapili ijayo, nitampikia mimi, kwa moto huuhuu, na samaki migebuka juu!" Marsela alishika mabua ya ua yaliyovunjika, akayapanua kwa nguvu mpaka mtu mzima aweze kupita. "Unasimama nini huko kama mgeni? Pita hapa. Nawa mikono, ingia ule. Ugali unapoa."